Chini ya Sauti ya Kaka

Kaka yangu hutafsiri filamu. Ukisema hivyo kwa wale ninaojitolea nao ofisini Mtumba, wanadhani anakaa mezani na kamusi. Hapana. Anakaa kwenye kiti cha plastiki ndani ya banda la video hapa Miyuji, Dodoma, maiki mkononi, filamu ya kigeni inapita mbele yake, na yeye anasema juu yake kwa Kiswahili. Anakuwa polisi, anakuwa jambazi, anakuwa mke wa jambazi, na katikati anakuwa yeye mwenyewe, anawatania wateja. Sauti ya filamu anaipunguza lakini haizimi. Ukitega sikio unawasikia waigizaji wenyewe huko chini wakisema mambo yao, kama wapangaji wa chumba cha pili. Hakuna anayetega sikio.

Sauti yake inajulikana. Akiagiza chipsi, watu wanageuka. Wanamwita DJ, wazee kwa watoto, na jina alilopewa na mama yetu limebaki kwenye kitambulisho tu. Sauti hiyo ndiyo iliyonilipia chuo. Nalisema mapema ili nisije nikaambiwa nimesahau. Sijasahau. Nina hasira nayo hivyo hivyo.

Anazozipenda zaidi ni filamu za polisi za zamani, za magari marefu na makoti, ambamo mpelelezi amechoshwa na mahakama na anaamua kuwa mahakama yeye mwenyewe. Wateja nao wanazipenda. Bandani kuna vyeo viwili tu: steringi, yaani shujaa, na adui. Akiingia mtu mpya kwenye filamu, kabla hajafungua mdomo, utasikia huko nyuma: huyu ni nani, steringi au adui? Na kaka anajibu. Hajawahi kusema sijui.

Iko moja waliyokuwa wakiiomba irudiwe kila mara. Mpelelezi wa makamo katika mji wa bandari anamtafuta mtoto wa shule aliyepotea. Anamshuku mlinzi wa gereji ya mabasi, mtu mwembamba mwenye meno mabaya. Mahakama inamwachia mlinzi kwa kukosa ushahidi. Mpelelezi anamfuata gerejini na kumpiga risasi. Katika filamu ya kaka, mlinzi anasema kabla ya kukata roho: ni kweli, ni mimi, na wengine wawili wako kisimani. Banda zima linapiga makofi. Kisha mpelelezi anakwenda kwenye bomba lililo ukutani anawe mikono, anafungua, maji hayatoki. Anasimama pale mikono wazi, muda mrefu. Na hapo kaka alikuwa na mzaha wake ambao watu walikuja kuusikia hata mara ya kumi: "Jamani, kumbe hata kwao kuna mgao!" Dodoma tunajua mgao. Watu wanacheka hadi machozi, na filamu inaishia kwenye kicheko.

Nilipokuwa chuo, kule Chimwaga, niliipata filamu hiyo yenyewe, bila kaka, kwenye kompyuta ya mwenzangu wa chumba. Mlinzi hakiri. Amelala kwenye mafuta ya gereji, anauliza nani atafunga geti. Hilo tu. Mtoto hapatikani, na filamu haisemi kama ni mlinzi aliyefanya au si yeye. Mpelelezi anafungua bomba, maji hayatoki, mwisho. Hakuna hata muziki. Nilirudisha pale nyuma mara nyingi, nikadhani Kiingereza changu kimenitupa, nikamwamsha mwenzangu asikilize. Akasema anauliza geti, sasa niache.

Likizo nilimwambia kaka kwamba yule mlinzi hakukiri. Akacheka.

"Msomi, mtu apigwe risasi bila kosa, halafu wateja wangu walale vipi?"

"Ndiyo filamu inavyotaka. Usilale."

"Basi imetengenezewa watu wanaolala mchana."

Nilicheka. Ni mcheshi, kaka. Lakini lile geti lilinikaa. Mimi ni mtu wa kukaliwa na vitu. Naweza kuandika ujumbe wa salamu nikaufuta mara tano, nikihofia neno moja litasomeka vibaya. Kwa hiyo sikushangaa kwamba nalifikiria geti la mtu ambaye hakuwahi kuwepo.

Mwaka huu wezi wa pampu walituingilia mtaani. Nazungumzia zile pampu ndogo zinazosukuma maji kutoka tangi la chini kwenda la juu. Maji yanakuja kwa zamu, yakija usiposukuma umeyakosa, kwa hiyo anayekuibia pampu amekuibia na kuoga na kupika. Ya mwenye nyumba wetu iliondoka. Ya mwenye duka la kona ikafuata. Watu walikuwa na hasira, na mimi nilikuwa mmoja wao. Nilibeba ndoo kama wengine na kumlaani mwizi kama wengine.

Siku hiyo nilikuwa kazini. Klipu ilitumwa kwenye grupu la mtaa mchana kweupe, nikaifungua ofisini bila sauti. Kijana yuko chini vumbini, damu mdomoni, pampu iko kando yake. Miguu ya watu pande zote. Na kaka yangu amechuchumaa karibu na kichwa chake, mkono umekunjwa karibu na mdomo kana kwamba ameshika maiki. Nilifunga simu. Mkuu wangu akaniuliza kama naumwa, nikasema tumbo.

Nilipofika Miyuji niliipata habari nzima dukani, kwa watu waliokuwa wakinisimulia kwa furaha. Kijana alikuwa kibarua wa fundi bomba, mgeni, ametoka vijijini huko Kondoa juzijuzi. Alikuwa anapita na pampu begani, haina hata gunia. Wakamsimamisha, wakamuuliza ameitoa wapi. Kiswahili chake ni cha kukopa, na watu walipoongezeka kikamkimbia kabisa, akaanza kusema Kirangi. Wakampiga kidogo. Kisha mmoja akakumbuka kwamba DJ ni Mrangi. Wakaenda kumtoa bandani aje awaambie mwizi anasema nini.

"Akatuambia," alisema mwenye duka. "Amekiri yote. Kaka yako ni mtu muhimu sana."

Baada ya kuambiwa, ndipo walipompiga kweli. Polisi walipofika taya lilikuwa limevunjika. Walimpeleka hospitali chini ya ulinzi, mtuhumiwa wa wizi.

Nilivaa hedifoni nikiwa nimesimama nyuma ya choo chetu, kwa sababu sikutaka kuingia ndani. Juu kabisa ni kaka, sauti ya bandani, nzito, ya kunyoosha maneno: "Anasema ni kweli, ni yeye. Na zile mbili za kabla ni yeye na wenzake." Kisha mayowe, na picha inageuka kuwa anga na ndala. Lakini mimi nimekulia chini ya sauti hiyo. Najua kusikiliza kilichoko chini yake. Nikarudisha, nikabonyeza hedifoni kwa vidole, na kijana akaanza kusikika, kwa lugha ya bibi yetu mzaa mama. Alikuwa anasema: babu wa geti la kijani, nyuma ya kanisa, ndiye aliyenipa nimpelekee fundi asuke upya nyaya za mota. Simu iko mfukoni kwangu, mpigieni. Mpigieni babu. Alilirudia hilo la kupiga simu. Na mwishoni, kabla ya mayowe, akamwita kaka yangu kaka, kama unavyomwita mtu wa nyumbani uliyemkuta ugenini na umefurahi kumkuta.

Kaka alikuwa anakula. Ugali na mlenda, na alikuwa ameshaongeza mboga. Sijui kwa nini hilo la kuongeza mboga liliniuma kuliko yote.

"Yule kijana alisema nini?" nilimuuliza.

"Si umesikia kwenye klipu."

"Nimekusikia wewe."

Aliacha tonge sahanini. Alisema kelele zilikuwa nyingi. Kila mtu anauliza, DJ, anasema nini, DJ, anasema nini. "Halafu wakanyamaza, mdogo wangu. Wote. Wamenyamaza wananitazama mimi."

"Wewe ulisikia nini?"

"Sijui. Simu, sijui babu, sikushika vizuri."

"Ukasema nini?"

Alikitazama chakula. "Nikasema kile kinachosemwaga pale."

Pale. Kana kwamba ni mahali kwenye filamu, dakika inayojulikana, ambapo adui anakiri na banda linapiga makofi. Nilimuuliza kama alimpiga. Akainua kichwa, akaniambia hakumgusa hata kwa kidole, nimuulize yeyote. Alilisema hilo kama mtu aliyetoka kuoga. Nilitamani kumtupia ile sahani.

Nilimtaka aende polisi akaseme. Akaniuliza kama najua waliompiga ni kina nani. Ni wateja wake. Ni muuza mkaa wetu, ni fundi cherehani, ni jirani anayetuazima pasi. Akisema hakukiri, maana yake wote hao wamemvunja taya mtu asiye na kosa, na aliyewaambia wavunje ni yeye. Polisi watamfunga, au wateja watamgeuka. "Na wewe utakaa wapi?" aliniuliza. Swali hilo nalo lilinikasirisha.

Hapo kichwa changu kikafanya kama kawaida yake. Labda aliziiba zile mbili za kabla. Labda geti la kijani halipo. Labda Kirangi changu kimepata kutu, na mimi pia natafsiri ninachotaka kusikia, tofauti ni kwamba mimi nataka awe mwema. Nilikaa na labda hizo hadi nikachoka nazo, na asubuhi, badala ya kwenda Mtumba, nikaenda nyuma ya kanisa.

Geti lilikuwepo. Kijani, limebabuka chini. Alitoka mzee mstaafu, nikamwamkia shikamoo, nikamuuliza kama alimtuma kijana kwa fundi. Uso ukabadilika. Akaniambia ndiyo, na huyo mbwa amekimbia na pampu yangu, simu haipatikani, nilijua tangu nilipomwona. Alikuwa ameshamhukumu, peke yake, kwenye kibaraza chake. Nilipomweleza alikaa chini kwenye ngazi. Baadaye akaingia ndani kuchukua kofia, akasema twende kwa mwenyekiti.

Mwenyekiti wa mtaa alitusikiliza kwa adabu zote. Akasema pampu hii basi, imeeleweka, mzee atakwenda kuandikisha maelezo. Akanigeukia.

"Na zile mbili za kabla, binti yangu? Alikiri mwenyewe. Mtaa mzima umesikia."

"Mtaa mzima umemsikia kaka yangu."

"Sasa kaka yako ndiye aje atuambie hivyo. Wewe hukuwepo."

Alisema Jumamosi kuna mkutano wa mtaa, na askari mwenye jalada la kesi atakuja kuchukua maelezo ya mashahidi. Baada ya hapo, kijana akiruhusiwa na daktari, anakwenda mahabusu.

Nilikwenda hospitali. Mama yake alikuwa nje ya wodi, amekaa kwenye mkeka, amejifunga kanga mbili, ya juu amejitanda kichwani. Nilimwamkia kwa Kirangi na akanishika mkono muda mrefu kabla ya kuuliza mimi ni nani. Mwanawe hawezi kusema, taya limefungwa. Sikio moja halisikii. Kila aliyempita pale, muuguzi, askari, mgonjwa wa kitanda cha pili, alimwambia kwamba mwanawe amekiri. Hakuuliza habari za waliompiga. Jambo moja tu lilikuwa limemkaa.

"Wanasema alikiri," aliniambia. "Kwa Kiswahili kipi?"

Nilimwambia. Nilimwambia aliyewatafsiria ni kaka yangu, tumbo moja. Alinitazama. Kisha akasogea kwenye mkeka ili nami nipate pa kukaa, na nikaona afadhali angenipiga. Akasema nimwambie kaka aje aseme alichokisikia kabla hawajamhamisha mwanawe, kwa sababu akishaingia huko, nani atakwenda kumsikiliza mtu asiye na mdomo?

Filamu zile za zamani nilizozipenda, ndiyo, nilizipenda, zilinirudia njia nzima. Nilikuwa nimemlaumu kaka kwa kuongeza ungamo. Lakini filamu yenyewe, ile halisi, yenye bomba lisilotoa maji, ilikuwa imefanya nini? Ilimpa mlinzi meno mabaya. Ilitupa sura ya mtoto na begi lake la shule. Ilitupitisha saa nzima tukiutamani ule mlio wa bunduki, ikatupatia, ukawa mtamu, na baada ya hapo ndipo ikatuuliza kama tuna uhakika. Mashaka yaliletwa mtu akiwa ameshakufa, kama kahawa baada ya chakula. Mpelelezi akabaki na huzuni yake nzuri. Mlinzi hakubaki na kitu. Chuoni niliuona huo kuwa ukomavu. Sasa naona kaka alikuwa na unafuu mmoja: yeye angalau alijua kwamba watu wameshaamua, akawapa risiti yao.

Nyumbani nilimvika kaka hedifoni mwenyewe. Nikamwambia asijisikilize, asikilize chini. Alirudia mara ya pili bila kuambiwa. Mwishoni alitoa hedifoni upande mmoja.

"Aliniita kaka."

"Ndiyo."

Siku hiyo bandani hakwenda.

Jumamosi uwanja wa ofisi ya mtaa ulijaa. Waliompiga walikuwepo wote, wamenyoa, wamevaa mashati. Askari alikaa mezani na kalamu. Mwenyekiti alimwita kaka, na kaka akasimama, akazungumza kwa sauti yake ya nyumbani ambayo watu wale hawaijui. Ni nyembamba, ina haraka, inakwama. Alisema yule kijana hakukiri.

"Hatusikii!" walisema wa nyuma.

Akarudia.

"Ongea kama DJ basi," mmoja akatania, na watu wakacheka, na mwenyekiti naye akacheka.

Muuza mkaa alisimama. Alimuuliza anamwogopa nani. Alimuuliza kama ndugu zake Warangi wamemfuata. Siku ile ulisema wazi, alimwambia, tena mbele ya watu, leo unanong'ona kama bibi harusi. Vichwa vikakubali. Niliona wazi kabisa kwamba hawatamwamini. Sauti ile nyembamba haikuwa na mamlaka yoyote kwao. Mama wa kijana alikuwa amesimama karibu na ukuta pamoja na mzee wa geti la kijani, anatazama midomo ya watu.

Kaka alinitazama. Akafumba macho. Mkono ukapanda wenyewe karibu na mdomo, na sauti ya bandani ikatoka, ile nzito, ikafika hadi barabarani.

"Babu wa geti la kijani ndiye aliyenipa. Niipeleke kwa fundi. Simu iko mfukoni, mpigieni. Kaka, wewe unanielewa, waambie wampigie."

Uwanja ukanyamaza. Namna ile ile ya kunyamaza aliyonieleza.

"Hivyo ndivyo alivyosema," akaendelea, kwa sauti hiyo hiyo. "Yale ya kukiri niliyasema mimi. Hakuyasema yeye."

Na watu wakapiga makofi.

Sijui niandike nini juu ya makofi hayo. Muuza mkaa alipiga. Fundi cherehani alipiga huku anatikisa kichwa, kama mtu aliyeguswa. Mikono ile ile. Mwanamke mmoja kando yangu alijifuta jicho na kusema DJ ana kipaji. Nilitaka kupanda kwenye meza ya askari niwatukane mmoja mmoja, na nilichofanya ni kusimama pale na meno yangu yamebanana.

Ilitosha, hata hivyo. Askari aliandika. Mzee aliandikisha. Ulinzi uliondolewa wodini, na hakuna aliyemtaja tena yule kijana kuwa mwizi. Kaka alipelekwa kituoni kuhojiwa, akarudi jioni, na bado anaitwa mara kwa mara. Askari alipowauliza watu ni kina nani hasa waliopiga, ilionekana hakuna aliyekuwepo siku ile. Wote walifika baadaye. Wote walikuta ameshapigwa.

Kijana aliondoka na mama yake kurudi Kondoa, taya bado limefungwa. Kaka alikwenda stendi kuwaaga. Sikumuuliza alimwambia nini. Aliniambia tu kwamba alipoanza kusema, kijana alimgeuzia lile sikio lisilosikia.

Wiki iliyofuata banda lilifunguliwa, na wateja wakaiomba ile filamu ya mlinzi. Nilikwenda. Nilikaa nyuma kabisa karibu na mlango. Ilipofika gerejini, mlinzi akaanguka kwenye mafuta, akasogeza midomo, na kaka akanyamaza. Chini kule Kiingereza kikasikika peke yake.

"DJ, anasema nini?"

"Anauliza nani atafunga geti."

"Halafu?"

"Basi."

Minong'ono ikapita kwenye mabenchi. Maiki imeharibika, mmoja alisema. DJ anatuficha, alisema mwingine. Kisha mtu mzima mmoja wa mbele, ambaye siku ya mkutano alikuwa amepiga makofi, aligeuka akawatuliza wenzake kwa upole, kama mwenye habari kamili.

"Alikiri huyo," alisema. "Mimi niliiona zamani. Alikiri."

Wakatulia. Mpelelezi akaelekea kwenye bomba, na nikatoka nje kabla hajalifungua.